Sura ya Saba: Ubao wa Misumari

Waliingia Handeni wakiwa wamejaa vumbi hadi magotini, watu watatu: Ombasha Hiza, askari mwenye cheo, mbele, Kaleb katikati akiwa na kamba kiunoni, na nyuma yao askari mmoja aliyeshika ncha ya kamba. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga wakawatazama. Mmoja aliuliza kwa Kizigua mfungwa amefanya nini. Hiza, aliyezaliwa na kukulia huku huku, alimjibu kwa Kizigua vilevile kwamba ndicho alichokuja kukitafuta.

Kule boma la Korogwe, Bwana Shauri, mwamuzi wa kesi, alikuwa hana tena cha kutafuta. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Mhina, seremala wa kiwanda cha mbao kilichokuwa njia ya Kerenge, alikutwa amekufa nyumbani kwake, kichwa kimepasuka na mbavu zimevunjika, kinywa kinanuka pombe ya miwa. Kaleb, Msambaa wa Dindira aliyekuwa akipasua mbao pamoja naye, alionekana akitoka mbio katika nyumba ile, shati lote damu. Halafu Semboja, nyapara wa kiwanda, alikwenda mwenyewe boma bila kuitwa, akasema aliwaona wawili wale wakinywa na kutukanana juu ya randa. Mhina, alisema Semboja, aliondoka kwa miguu yake, mzima, akicheka, na Kaleb akamfuata kwao. Siku ya treni ya Tanga ilikuwa karibu, na watu waliopelekwa Tanga kwa damu ya mtu walikuwa hawarudi.

Kaleb alikuwa na maneno yake, nayo hayakubadilika tangu siku alipokamatwa. "Gogo ndilo lililomponda, Bwana Ombasha. Mnyororo ulikatika kule kiwandani. Nikambeba mgongoni mpaka kwao. Nilipotoka mbio nilikuwa natafuta watu wa kunisaidia."

Hiza alikuwa amekwenda kiwandani kuutazama mnyororo. Semboja alimwonyesha, mzima, pete zake zote zimeshikana. Ulikuwa mpya mno. Minyororo mingine pale uani ilikuwa imeliwa na kutu na kulainishwa na kazi, lakini ule ulikuwa bado una mafuta ya dukani. Hiza aliona hilo akanyamaza, maana mnyororo mpya si ushahidi mbele ya Bwana Shauri.

Nyumbani kwa marehemu aliona jambo jingine. Toka mlangoni hadi mkekani palilazwa ubao mrefu juu ya sakafu ya udongo, na matone ya damu yalikuwa yameandamana juu yake. Kama Kaleb alisema kweli, damu ile iliingia. Kama Semboja alisema kweli, ilitoka, ikidondoka kutoka shati la mwuaji akikimbia. Hiza aliinama akayatazama matone yale kwa muda mrefu. Hayakumwambia yalikokuwa yakienda.

Na ndani ya nyumba alikuwamo mtu mmoja tu mwingine: Bi Mwantumu, mama yake Mhina.

"Huyo usihangaike naye," jirani mmoja alimwambia. "Ndui ilichukua macho, homa ikaja ikachukua masikio. Haoni wala hasikii."

Lakini jirani mwingine, mwanamke aitwaye Fatu, alitikisa kichwa. "Hasikii, lakini anasema. Na ukitaka akuelewe, unatumia ubao wake. Marehemu ndiye aliyeutengeneza. Bibi yule alikuwa amesoma chuoni utotoni, anazijua herufi za Kurani. Basi Mhina alizichora zote juu ya ubao kwa vichwa vya misumari midogo. Unamshika kidole, unampeleka herufi kwa herufi, naye anakujibu kwa kinywa chake. Hata mimi nimewahi kumsalimu hivyo. Siku ile asubuhi alikuwa nao mapajani."

Ubao huo haukuwamo nyumbani. Hiza alipekua kila mahali, kisha akapekua nyumba ya Semboja, asione kitu. Alimwuliza Kaleb.

"Mimi nimesoma misheni," Kaleb alijibu. "Herufi zile kwangu ni kama njia za mchwa. Ningeuiba wa nini?"

Ila mtu aliyemwua Mhina angekuwa na sababu nzuri ya kuuiba, maana bila ubao ule bibi hangeweza kuulizwa neno. Hivyo ndivyo Hiza alivyofikiri. Akapata habari kwamba Zamda, dada wa marehemu, alimchukua mama yake baada tu ya maziko akampeleka kwa mumewe Handeni. Ndipo alipomfungua Kaleb katika mnyororo wa boma, akamfunga kamba, akashika njia.

Zamda aliwapokea uani, amejifunga kaniki, macho yamevimba. Mumewe, Mdoe, alikuwa akimenya mahindi. Aliinuka akatoa kigoda. Bi Mwantumu alikuwa barazani, amekaa wima juu ya mkeka, uso wenye makovu ya ndui umeelekea ukutani. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikitembea juu ya paja lake mwenyewe, kikisimama hapa, kikipinda pale.

Zamda alipomwona Kaleb alirudi nyuma hatua moja.

"Unamleta huyu kwangu?"

"Namleta kwa mama yako," Hiza alisema. "Nahitaji kumwuliza mambo. Ubao wake uko wapi?"

"Ulipotea Korogwe. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwatembelea, na siku ile nilikuwa mtoni nafua. Niliporudi nilikuta kaka yangu ameshafunikwa shuka na nyumba imejaa watu. Ubao sikuuona tena."

"Hukuuliza?"

"Ningemwuliza nani, bwana? Nilikuwa nalia."

"Na mama yako tangu siku hiyo unasema naye vipi?"

"Namgusa tu. Nampa chakula, namwogesha."

Hiza alikuwa anafungua kinywa kuuliza jingine, Bi Mwantumu akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, ikipanda na kushuka bila mpango, sauti ya mtu asiyejisikia.

"Zamda. Nasikia harufu ya mgeni. Ngozi, na jasho la njia. Kama ni fundi, mwulize ubao wangu umekwisha? Vimisumari vile Mhina angevigongomea kabla maji hayajachemka. Mtumieni salamu aache kununa, aje."

Mdoe aliinamisha kichwa akaendelea kumenya hindi ambalo lilikuwa limeshamenywa.

Hiza alimgeukia Zamda. "Hajui."

Zamda alijifunika uso kwa pindo la kaniki.

"Ubao haukupotea," Hiza alisema taratibu.

"Nilimvunjia kijiti kiganjani," Zamda alisema ndani ya nguo. "Akafahamu kwamba ubao umevunjika, akadhani mwenyewe umepelekwa kwa fundi. Ningefanya nini? Nyumba ilijaa watu, kila mmoja anataka kumpa mama pole. Yeyote angeweza kumshika kidole akamwambia. Nikasema hapana, mimi ndiye mwanawe, nitamwambia mimi. Nikauficha. Tangu hapo kila nikiamka nasema leo. Nauchukua, nakwenda mpaka pale mkekani, mkono unakataa. Ningeanza na herufi gani, bwana?"

Basi mwizi aliyemfuata njia yote ile alikuwa huyu. Hiza alivua kofia yake akaifuta vumbi, ingawa haikuwa na haja. Njiani alikuwa amepanga maswali makali ya kumwuliza mtu aliyeuficha ubao. Aliyaacha.

"Kaleb anapelekwa Tanga," alisema. "Mama yako ndiye mtu peke yake aliyekuwa ndani ya nyumba. Kama kuna neno la kumwokoa huyu au la kumpoteza, analo yeye."

"Mwulize bila kumwambia."

"Nimwulize jinsi mwanawe alivyoingia siku ile, nani alikuwa naye, damu ilitoka wapi? Swali la pili tu atakuwa ameshajua. Na atajua kwamba tulikuwa tunamzunguka."

Zamda aliingia ndani. Alitoka akiwa amebeba ubao mpana kama sinia, umefungwa katika kanga kuukuu. "Mwambie wewe," alisema. "Mimi sitaweza."

Hiza alipiga magoti mbele ya mkeka. Aliuchukua mkono wa bibi akauweka juu ya kichwa chake kilichoinama, kama mtoto anayeamkia. Bi Mwantumu aliupapasa uso wake, shingo, vifungo vya shati la kiaskari.

"Marahaba," alisema. "Wewe si fundi."

Ubao ulipomgusa magotini alishusha pumzi, akaupitishia viganja vyote viwili. "Mbona mzima? Hapana msumari uliokosekana." Alinyoosha kidole chake cha shahada, akamwachia Hiza.

Hiza alikuwa hajaandika kwa herufi hizo tangu alipoacha chuo. Alikipeleka kidole polepole. Mimu. Ha. Ye. Nuni. Alifu.

"Mhina," bibi alisema. "Amekuja?"

Hiza aliendelea. Alipofika kwenye kafu kidole kilianza kuwa kizito, kama kinachovutwa nyuma. Akasimama. Alimtazama Zamda, na Zamda alikuwa ameelekea kwingine.

"Maliza," Bi Mwantumu alisema.

Fe. Alifu.

Bibi aliziunganisha herufi zile: kafa. Kisha alisema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "Nilisikia harufu ya kafuri ya maiti siku ile. Niliuliza ni ya nani. Niliuliza mara nyingi. Hakuna aliyenishika mkono."

Zamda alipanda barazani akamwangukia mapajani. Mama yake alimshika kichwa. Walikaa hivyo, na Hiza aliondoka akaenda kusimama na askari mwenzake karibu na zizi la mbuzi. Kaleb alikuwa amekaa chini, kamba mapajani, ameinama. Hakuna aliyemharakisha mtu.

Bi Mwantumu mwenyewe ndiye aliyeita. "Yule askari yuko wapi? Hakuja mbali hivi kunipa pole. Aulize."

Hiza alirudi. Maswali aliyafupisha, neno moja au mawili, ili kidole kile kisichoke.

*Siku ile aliingia vipi?*

"Mhina alinilazia ubao toka mlangoni mpaka hapa nikaapo, ili mtu akiingia nimjue. Hatua za Mhina nazijua. Ni nyepesi, mguu wa kushoto unakwenda upesi kuliko wa kulia. Siku ile haikuwa hatua yake. Alikuja mtu mzito, anakanyaga kisha anapumzika, anakanyaga kisha anapumzika, kama anayeleta gunia. Kisha ubao ukatikisika wote. Kitu kimewekwa chini."

Hiza alimtazama askari mwenzake kuhakikisha kwamba amesikia. *Mtu mmoja?*

"Hatua za mtu mmoja. Lakini walikuwa wawili, maana walionishika walikuwa wawili. Kwanza Mhina. Mkono wake naujua kuliko wangu. Ulikuwa umelowa, unatetemeka, na pumzi yake ilinuka pombe."

Kaleb alisema kutoka pale alipokaa, bila kuulizwa, "Nilimpa mimi. Njiani. Alikuwa anaumia mno, na nilikuwa na kibuyu. Sikuwa na dawa nyingine."

Hiza alimwashiria anyamaze. *Alisema nini?*

Vidole vya mkono wa kushoto wa Bi Mwantumu vilikuwa vimeshika ukingo wa ubao.

"Aliniapia mwaka jana kwamba haigusi tena pombe. Aliapa mbele ya baba yake kabla hajafa. Nikamsikia ananuka, anayumba, mkono hautulii juu ya misumari. Alinipeleka mimu, alifu, mimu, alifu. Mama. Akanipeleka sini. Akanipeleka ye. Nami nilikuwa na hasira." Alikunja vidole vya mkono wa kulia ndani ya kiganja, akavibana. "Nilifanya hivi. Sisi tusioona na tusiosikia hatuna namna nyingine ya kumfukuza mtu. Nikageuka ukutani."

Mdoe alikuwa ameacha mahindi yake.

"Yule wa pili akanishika bega," bibi aliendelea. "Akanivuta. Nikamsukuma. Akanishika mkono huu, akanivuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kunifikisha mahali. Nikamwuma. Akaniacha, ubao ukatikisika, akatoka mbio. Nami nikabaki nimeelekea ukutani. Nilikuwa nangoja Mhina aje aniombe radhi."

*Mkono wa yule wa pili ulikuwaje?*

"Mkubwa. Una sugu za msumeno. Kidole cha mwisho kimepinda ndani, hakinyooki."

Hiza alisimama. Hakumtazama Kaleb. Alimwita Mdoe, akamwita askari, akasema kila mmoja atampa bibi mkono wa kulia, bila neno, bila pete, na ajaye mwisho atakuwa Kaleb. Kisha akabadili mawazo akamweka Kaleb katikati. Mambo kama hayo boma lilikuwa na desturi ya kuyafanya kwa nyuso, watu wamepangwa ukutani na shahidi anapita mbele yao. Hiza aliyafanya kwa namna aliyoweza.

Bi Mwantumu aliushika mkono wa mkwewe. "Huyu ni Mdoe. Amemenya mahindi."

Aliushika wa Kaleb. Alianzia kwenye sugu, akashuka hadi kidole cha mwisho, akajaribu kukinyoosha, hakikunyooka. Kisha akautafuta upande wa nyuma wa kiganja na kukuta alama za meno, bado zina kigaga.

"Ni huyu."

Askari hakuulizwa tena mkono wake.

Hiza alisema kwa sauti, ili askari mwenzake aweze kurudia maneno yale mbele ya Bwana Shauri. Semboja aliapa kwamba Mhina aliondoka kiwandani kwa miguu yake. Mhina aliingia kwao amebebwa. Hivyo aliumia kabla ya kufika nyumbani, na matone yale ya damu juu ya ubao wa sakafuni yaliingia, hayakutoka. Mwuaji hambebi mtu hadi kwa mama yake, wala hamvuti mama akamshike mwanawe. Kama Semboja amedanganya katika hilo la miguu, amedanganya kwa sababu anajua Mhina aliumizwa na nini.

"Marehemu alimwambia Semboja kwamba mnyororo umechoka," Kaleb alisema. "Alimwambia wiki nzima. Semboja aliogopa kumwambia mzungu mwenye kiwanda kwamba unatakiwa mwingine. Alisema tutapigwa kiboko sote kwa kuutumia vibaya."

"Hukusema haya boma."

"Niliyasema. Mkalimani alikuwa rafiki yake Semboja."

Baadaye mnyororo uliokatika ulifukuliwa chini ya lundo la vumbi la mbao, na Semboja hakukana. Alisema hakumtakia Mhina mabaya, na pengine hilo lilikuwa kweli. Alisema alifikiri mtu wa Dindira asiye na ndugu Korogwe hangetafutwa na mtu. Hilo pia pengine lilikuwa kweli, nalo lilikuwa baya zaidi.

Lakini siku ile pale uani jambo la Semboja lilikuwa bado liko mbali. Hiza alifungua fundo la kamba kiunoni mwa Kaleb kwa mikono yake. Askari alimwuliza kama wana ruhusa, Hiza akamwambia ruhusa ataitafuta yeye.

Alipokuwa anataka kuaga, Bi Mwantumu alimshika mkono wa shati.

"Wewe mtafuta habari. Mama, halafu sini, halafu ye. Alitaka kuniambia nini?"

Hiza alimtazama Kaleb. Kaleb alitikisa kichwa. "Nilikuwa nimemshikilia asianguke. Niliona wanapapasa misumari tu. Nimekwambia, sizijui."

Hiza alikaa tena. Si Kaleb. Sijalewa. Siponi. Maneno yalikuwa mengi, na lolote kati yake angeweza kulitia katika kidole kile, na hakuna mtu duniani ambaye angemsahihisha. Zamda alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwomba afanye hivyo hivyo. Alikishika kidole. Alikipeleka kwenye sini. Alikipeleka kwenye ye, na hapo bibi akakaza mwili mzima, ameinua uso, mdomo wazi kidogo, anangoja. Jimu. Wau. Ye.

"Hujui," Bi Mwantumu alisema.

Aliinamisha uso. Kisha aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Zamda aliketi karibu naye, akausogeza ubao ukawa mapajani mwao wote wawili, akakichukua kidole cha mama yake. Alianza kuandika. Hiza aliondoa macho asisome.

Kaleb alikuwa bado amesimama chini ya baraza, anajisugua kiuno pale kamba ilipokuwa. Hakuondoka.

"Bwana Ombasha," alisema, "mwambie anisamehe kwa kumvuta vile. Na mwambie tungefika mapema. Nilikuwa nachoka. Nilimweka chini njiani mara nyingi."

Hiza alingoja Zamda amalize. Kisha akayapeleka maneno ya Kaleb juu ya misumari, yote, pamoja na lile la kuchoka.

Bi Mwantumu alinyoosha mkono hewani mpaka Kaleb alipoelewa akampa wake. Aliushika kwa viganja viwili. Hakukuwa na haja ya mtu kumtafsiria Kaleb, kwa maana bibi yule alisema kwa sauti yake kubwa isiyo na mpango, na kila aliyekuwa uani alisikia.

"Najua alivyokuwa mzito," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza kumbeba."